Stakabadhi ya Dobi

Jumanne aliniachia sare juu ya kaunta,
koti la buluu, sketi, skafu mbili.
"Hii ni ya akiba, Don Eleuterio, nitaipitia Ijumaa."
Nikamwandikia stakabadhi, mia nne kumi na mbili,
nikamtania kwa lile doa la kahawa mkononi:
rubani anaendesha vibaya, au ni wewe?
Alhamisi alfajiri redio ikasema ndege ya Auckland imepotea.
Haikusema imeanguka. Imepotea,
kama miwani.

Kufika saa nne Valparaíso nzima ilikuwa rubani.
Kinyozi Nibaldo alisimamisha wembe shavuni mwa mteja
akaeleza jinsi barafu inavyouma bawa.
Wauza samaki walichora dunia kwa maji juu ya bamba:
hapa Chile, kule New Zealand,
na katikati wakaweka kichwa cha mkunga,
"Yote hii, jamani. Yote hii ni maji."
Dereva wa teksi ana binamu jeshini,
binamu anajua jambo,
jambo halisemeki,
akalisema kwa kila abiria mpaka kituo cha mwisho.
Mpiga ramli mmoja kwenye televisheni aliwaota wote wako hai,
kisiwani, wamekaa kwa namba za viti vyao.
Tukamcheka mchana.
Usiku tukamtafuta tena, sauti tumeipunguza.

Kanisani padri alisoma majina.
Ya kwetu yalimtoka kama maji,
ya wageni yakamkwama kooni; akarudi nyuma, akayaanza upya,
herufi kwa herufi,
na hapo ndipo watu walipolia.

Siku ya tatu mji ukajua sare ya Maite iko kwangu.
Nani alisema?
Mimi.
Kila mtu alikuwa na kipande cha habari, nami nilitaka changu.
Wakaja na mashati safi wafuliwe,
macho yao yakipanda kwenye reli ya nguo.
Mmoja alinipa peso elfu ishirini kwa kifungo kimoja tu.
Nilimfukuza, na jioni nikavihesabu vifungo.
Mwandishi wa habari akaniomba nilipige pasi tena lile koti,
polepole, mbele ya kamera, uso ukiwa mzito.
Nikapiga.
Huzuni niliyokuwa nayo tangu Alhamisi
ilinitoroka palepale, taa zilipowaka,
nikabaki na ile ya kuigiza.

Siku ya kumi na moja kulikuwa na mechi.
Meli bado zilikuwa huko nje zikipiga mistari juu ya maji,
ila Nibaldo alikuwa ameshahamia kwenye penalti.
Simlaumu. Ndevu za watu haziachi kuota.

Ndipo akaja mama yake, Bi Herminda, na stakabadhi
aliyoikuta chini ya sumaku ya friji.
Nilikataa pesa. Akazipanga sarafu mojamoja, kamili.
Akalifunua plastiki, akalishika koti kwa mabega
kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbia,
akaingiza uso kwapani mwake,
akavuta pumzi.

Sabuni. Mvuke. Wanga.

"Ulifua lini?"
"Jumatano."
"Zote?"
"Zote, mama. Hata skafu. Hata lile doa limetoka."
Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu aliyepunjwa chenji
akaona haya kusema.
"Unafua vizuri," akasema.

Usiku huo nilifunga duka nikazipindua kapu zote.
Nilichungulia nyuma ya mashine,
nikafungua chujio, nikachambua manyoya kwa kibano,
nikalala kifudifudi sakafuni na tochi mdomoni.
Nimepata kibanio cha nywele.
Cheusi, cha kawaida, kimepinda ncha.
Wateja wangu wanawake ni zaidi ya mia mbili.

Kiko ndani ya kikombe, juu ya rafu.
Asubuhi nitapanda mlima kwenda kwake,
au sitapanda.